Mashua Tuliyoianika

Kitu nilichokitukana kuliko vyote maishani mwangu ni ubao mmoja. Ulikuwa ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto wa mashua tuliyokuwa tunaishi ndani yake kwenye mto Lowa, huku Walikale, mashariki mwa Kongo, na ulivuja mahali palepale mama yangu alipokuwa analaza kichwa. Niliutukana kwa Kiswahili, nikautukana kwa Kihunde, nikautukana kwa Kifaransa kile kidogo nilichokipata shule ya msingi, ambacho kinanisaidia kwa matusi kuliko kwa mambo mengine. Ubao haukujali. Uliendelea kuleta maji taratibu, bila haraka, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi ile.

Watu wakisikia kwamba niliishi ndani ya mashua, macho yao yanang'aa. Wanafikiri ni upepo mzuri na samaki wa kuchoma. Waje niwape kopo. Kuishi ndani ya mashua ni kuchota maji. Unaamka, unachota. Unaweka sombe, majani ya muhogo, kwenye moto, unachota. Unakaa chini kula, suruali inalowa, unasimama, unachota, na ukirudi sahani inaelea. Na kila unachotengeneza kinakuchukia. Ukipiga msumari huku, kule kunafunguka. Nyumba ya udongo ikiharibika inakungoja mpaka upate nafasi. Mashua haingoji.

Ilivyonifikia ni hivi. Nilishuka kutoka Masisi nikiwa na wazo moja kichwani, kwenda Bisie kuchimba madini, kama vijana wengi waliotangulia. Nilipofika nikaambiwa kule siku hizi mlima unachimbwa na mashine, na wanaotakiwa ni watu wenye vyeti. Mimi nilikuwa na mgongo tu. Basi nikabaki mtoni, nikawa nabeba mabidoni ya mafuta ya mawese ya mfanyabiashara mmoja, kutoka majini mpaka sokoni. Alikuwa na mashua ya mbao, ndefu kama nyumba ya vyumba viwili, moteri yake imekufa, imefungwa kwenye mti ukingoni. Siku alipoacha biashara ile na kwenda zake, aliniambia, kwa jina alilowaita vijana wote, "Petit, ile bwato, ukiweza kuitoa maji, ni yako." Akacheka, akaondoka. Nikadhani anacheka kwa furaha ya kutoa.

Na mimi nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa na ndoto ya nyumba isiyobaki nyuma. Sisi watu wa Kingi, kule Masisi, tumeacha nyumba nyingi kwa kukimbia vita. Niliacha ile niliyozaliwa ndani yake, nikaacha ile baba aliyoijenga kabla ya kufariki, na milango yake mipya. Kila mara ni vilevile, unakimbia na sufuria na godoro, nyumba inabaki imesimama kama mjinga. Nilipoitazama ile mashua nikaona kwamba hii, ukikimbia, inakimbia na wewe ukiwa ndani. Tena nilikuwa nimeona kwenye telefone ya rafiki yangu video ya wazungu wanaokaa ndani ya mashua, pazia dirishani, maua kwenye ndoo. Nikasema na mimi nitaweka pazia.

Mama alikuwa bado Lushebere, kambi ya wakimbizi kulekule Masisi. Dada zangu waliolewa mbali, baba hayupo, kwa hiyo alikuwa peke yake chini ya bashi, ile turubai nyeupe ambayo jua likiwaka inakuwa jiko na mvua ikinyesha inakuwa chujio. Kifua chake kilikuwa kibaya. Nilikuwa nikimpigia simu namsikia anakohoa kabla ya kusema alo. Nikaisimamishia mashua paa la bashi juu ya vigingi, nikapanda kumchukua. Nilimwambia, "Mama, utalala pakavu." Nilisema hivyo mbele ya majirani zake wote wa kambi, kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa najisikia mwanaume.

Tulipofika mtoni, aliteremka kwenye pikipiki, akanyoosha kiuno, akaangalia pande zote.

"Nyumba iko wapi?"

"Njo ile, Mama."

"Ile njo bwato."

"Ndiyo, lakini ndani nimeweka..."

"Mutoto wangu, miye nilikuuliza nyumba."

Alilala ndani kwa sababu hapakuwa na pengine. Asubuhi aliamka nywele zimelowa upande mmoja. Hakupiga kelele. Alikamua kitambaa chake cha kichwa polepole, akakitundika, halafu akaniambia, "Kule Lushebere maji ilikuwa inatoka juu. Hapa inatoka chini. Kweli umenileta kwa maendeleo."

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, mvua zimepungua. Akanipa muda. "Nitakuvumilia mpaka mvua kubwa irudi. Mvua ikirudi na miye ningali naamka na maji mu sikio, nafunga blanketi yangu, narudi Lushebere. Afazali maji ninayoizoea."

Mama yangu si mtu wa kutisha bure. Na mimi nilijua kule anakotaka kurudi. Nilijua atarudi kwenye nini, na kifua kile, na mtu wa kumletea maji ya moto hayupo. Nikamwambia nitaitengeneza. Sikuwa nimewahi kutengeneza hata kiti.

Dawa ya kwanza ilikuwa yake. Kwetu Kingi ukuta ukipasuka unachukua udongo wa mfinyanzi, majivu na nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga kwa miguu mpaka unakuwa laini, unapaka. Mama alikuwa anajulikana kwa kazi hiyo. Jiko letu lilikuwa na ukuta laini kama kibuyu, wanawake walikuwa wanakuja kuupapasa. Basi tulikanyaga udongo pale ukingoni, tukapaka mashua yote kwa ndani. Ilipendeza! Mama aliipitishia mkono, akachora hata mistari ya mapambo kwa vidole, kama kule nyumbani. Kesho yake tulikuwa tunachota supu. Mto ulikula ukuta wetu wote, mapambo kwanza.

Jirani yetu pale ukingoni alikuwa mama mmoja muuza samaki, mwenye kibanda na mtumbwi wake, mzaliwa wa mto. Mwili wake mkubwa, sauti yake kubwa zaidi. Aliona maji ya udongo yanamwagika kutoka kwetu, kopo baada ya kopo.

"Eeh, watu wa milima!" alituita. "Munapanda viazi mu bwato?"

Ukingo mzima ukacheka. Mama alimjibu bila kumtazama, "Tukivuna hatutakupa."

Dawa ya pili ilikuwa yangu. Nilikata bidoni la bati, nikalinyoosha kwa jiwe, nikapigilia vipande juu ya nyufa kwa misumari. Lile jiwe ndilo lilikuwa nyundo. Sijui mtu anayetumia jiwe kama nyundo anamchukia nani, lakini mwishoni anakichukia kidole chake. Kidole gumba kilivimba kikawa cheusi. Na mbao zile kuukuu, kila palipoingia msumari, zilipasuka kimstari kidogo, na kila mstari ukaanza kuleta maji. Nilitaka kufunga mlango mmoja, nikafungua baraza. Nilitupa jiwe mtoni kwa hasira, halafu nikakumbuka ndiyo nyundo, nikaingia majini kulitafuta, na nilipotoka nimelowa mpaka kifuani mama alikuwa ananiangalia tu.

"Umeipata?"

"Apana."

"Uliogelea vizuri."

Nikajaribu plastiki. Niliyeyusha beseni lililovunjika, nikalidondoshea kwenye nyufa. Moshi wake ulimkohoza mama mpaka akatoka ndani na kukaa juani, akanitukania ukoo wa baba yangu, akaomba msamaha kwa baba yangu, akanitukana tena mimi peke yangu. Plastiki ilipogusa maji ilibanduka kama gamba la kidonda. Niliokota vipande vinaelea. Ule ubao wa tatu ulikuwa haujapungukiwa hata na tone.

Tulianza kugombana kwa kila kitu. Aliweka sufuria, nikasema ameiweka vibaya. Nilipiga mluzi, kwa sababu mimi ni mtu wa kupiga mluzi hata mambo yakiwa mabaya, akasema mluzi ule njo unaita maji. Mashua ilikuwa katikati yetu kama mke mwenza. Nilikuwa nikimwona anageuza godoro, anatafuta upande mkavu, haupati, anakaa, anakohoa, na roho yangu inakunjamana, na kwa sababu roho inakunjamana namjibu vibaya zaidi.

Ndipo mama alipopata wazo kubwa.

Ni wazo ambalo mtu wa Kingi yeyote angekubaliana nalo, na mimi nilikubali mara moja. Kwetu milimani kila kitu kinaokolewa kwa kukaushwa. Maharagwe unayaanika. Mahindi ya mbegu unayatundika kwenye dari ya fito juu ya mafiga, moshi unayapitia mpaka yanakuwa meusi, na dudu halithubutu. Mpini wa jembe ukikatwa mbichi hautiwi kwenye jembe, unalala kule juu ya moshi muda mrefu, ndipo unakuwa mpini. Kitu kikioza kwetu, kosa ni moja tu, kiliingia na maji.

Mama aligonga ule ubao kwa kiungo cha kidole. Ulitoa sauti ya boga lililooza. "Sikia," alisema. "Huu muti waliukata mubichi, wakautupa mu maji mubichi. Haujakaukaka hata siku moja. Tunaziba, tunaziba, tunaziba kintu chenye kuoza. Tuitoe nje. Tuikaushe kama watu."

Nilimwona ana akili kuliko mto mzima.

Tuliwaomba vijana wa ukingoni watusaidie kuivuta. Tulilaza migomba iliyokatwa chini yake ili iteleze, wakavuta wakiimba, mashua ikapanda kwenye nchi kavu ikiwa inatiririka maji kila upande kama ng'ombe aliyetoka mtoni. Mama aliwapa kasiksi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe. Walikunywa wakiiangalia mashua na kutuangalia sisi. Hawakusema kitu. Tuliinua mashua juu ya magogo, na chini yake mama akawasha mioto midogomidogo ya moshi mwingi, akaituliza kwa majani mabichi, akawa anaiangalia mchana kutwa, huku anapunguza, huku anaongeza, kama anayekausha mahindi ya mbegu ya kijiji kizima. Sisi tulijenga kibanda cha bashi pembeni.

Siku zile zilikuwa nzuri, na ndizo zinaniumiza. Hapakuwa na kuchota. Udongo chini ya godoro ulikuwa mkavu, mama alikohoa kidogo tu, akarudia kuimba nyimbo za kanisani asubuhi. Mbao zikabadilika, kutoka nyeusi zikawa kijivu, kutoka nzito zikawa nyepesi. Alipozigonga zililia kama ngoma. "Sikia! Ile sasa njo mbao." Alinisimulia jinsi alivyomkaushia baba mpini wa jembe la kwanza walipooana, na baba akautoa motoni haraka kwa sababu ya kiherehere, ukavunjika mbele ya wakwe. "Weye ni yeye kabisa," alisema, lakini safari hii alisema vizuri. Nilipima dirisha la pazia kwa mkono.

Halafu nikaona mwanga.

Nilikuwa ndani ya mashua, juu ya magogo, asubuhi, nafagia majivu, nikajilaza kidogo kujipumzisha. Nikaona mistari ya jua juu ya tumbo langu. Nikainuka nikatazama. Jua lilikuwa linaingia katikati ya mbao, si mahali pamoja, kila mahali. Niliweka kidole kwenye ufa, kikapita. Kwa nje jicho la mama likatokea kwenye ufa uleule.

"Unafanya nini mule?"

"Naangalia."

"Na miye naangalia," alisema. Tukabaki tunatazamana kwa jicho mojamoja kupitia ukuta wa nyumba yetu.

Hatukutaka kuamini. Tulisema labda ndivyo inavyokuwa, labda maji yatazisukuma mbao pamoja. Mawingu yalikuwa yameanza kurudi upande wa milima. Tukawaita wale vijana, mashua ikashuka juu ya migomba, nyepesi kama kikapu. Na ilikuwa kikapu. Sijawahi kuona maji yanaingia namna ile. Hayakuvuja, yaliingia kama watu wanaoingia kanisani, kwa milango yote. Mama alikuwa ameshapanda, godoro kichwani, maji yakamfika magotini, sufuria ikatoka ikielea na kifuniko chake, na yeye amesimama hapohapo katikati, anaangalia mbele, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ukingo ulilia kwa kucheka. Yule mama wa samaki alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, kofi juu ya paja. Mimi nilikuwa namtoa mama yangu majini kwa mkono.

"Mama, munacheka nini?" nilimwuliza yule wa samaki. "Siku zote zile mulituona tunaweka moto chini ya bwato, hamukusema kintu!"

"Tungesema nini tena? Tulijua munaichoma!"

"Kuichoma?"

"Hapa kwetu bwato ikizeeka, watu wanaichomaka juu ya kutoa misumari. Tuliona moto, tukasema, ee, wale watu wa milima wamechoka, wanatafuta misumari. Miye mwenyewe nilikuwa nangojea munigawie." Akafuta machozi. "Nani anaanikaka bwato? Bwato ni sombe?"

"Muti ukioza unaukausha!" mama alimpigia kelele, maji yanamtoka nguoni. "Hata mutoto anajua!"

"Muti wa nyumba, mama. Muti wa bwato unakunywa. Unakunywa, unashiba, unavimba, unabanana na mwenzake. Munyime maji, anakonda. Sasa mumemukondesha mpaka mbavu zinaonekana."

"Basi dawa yake nini?" niliuliza. Nilikuwa nauliza kwa kiburi, kama anayemwambia mtu, haya, jifanye unajua.

"Izamishe."

"Nini?"

"Izamishe yote. Tia mawe, iende chini, ikunywe mpaka ishibe. Halafu itoe."

Mama alinishika mkono. "Twende. Umesikia? Wanataka tuizamishe wenyewe, halafu wapate misumari yao."

Jioni ile chini ya bashi mama alikuwa amekaa na blanketi yake imefungwa fundo mapajani. Asubuhi nilimwambia nitajaribu. Aliniambia mtu anayezika nyumba yake na mawe asimwite yeye kwenye matanga. Akaenda barabarani kumtafuta mwenye pikipiki wa kumpandisha Masisi.

Niliizamisha. Sijui kama kuna kazi iliyonichukiza kuliko ile. Kwanza niling'oa mabati yangu na misumari yangu yote, halafu nikatia vitambaa vya kitenge kwenye nyufa kubwa, nikavigandamiza kwa kisu. Yule mama wa samaki alikuwa anaparua samaki kwenye kiti chake na kunipigia kelele bila kusimama. "Usikaze! Weka polepole! Ukikaza utaipasua ikivimba!" Nikalegeza. "Umelegeza sana! Unavalisha bibi harusi?" Nikabeba mawe, jiwe moja moja, nikayapanga ndani, na kila jiwe nililoweka mashua ilishuka kidogo, na nilikuwa najisikia kama ninamsukuma mtu kichwa chini ya maji. Maji yalipofika ukingo wake wa juu, mto ukaingia kwa ukimya, na nyumba yangu isiyobaki nyuma ikabaki chini. Paa la bashi peke yake lilibaki linaonekana juu ya vigingi vyake, kama kofia ya mtu aliyezama.

Mama alikuwa amekaa ukingoni, amegeuza mgongo.

Zikafuata siku za kungoja na kununiana. Nilikuwa nikiingia majini kupapasa mbao kwa vidole, kutafuta nyufa, kama daktari asiye na taa. Mawingu yakashuka zaidi. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa Masisi, alikuja akaongea na mama pembeni kwa Kihunde, wakacheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko kicheko cha ukingo wote, kwa sababu mama hakuwa amecheka na mimi tangu siku ya kikapu. Walikubaliana siku. Nilimwomba angoje kidogo. "Mvua ikirudi, nilikuambia," alijibu. "Naisikia mu mifupa. Ngoja yangu imeisha."

Asubuhi ya siku waliyokubaliana nilianza kutoa mawe. Sikuwa na uhakika kama mbao ziko tayari, lakini sikutaka aondoke bila kuona. Mashua ikainuka mpaka midomo yake ikawa sawa na maji, ikakataa kuendelea. Nikachota kwa ndoo. Nilichota mpaka mikono ikawa haina nguvu, na maji yalikuwa palepale. Ghafla kukawa na ndoo nyingine ndani. Mama wa samaki alikuwa amesimama majini, sketi imefungwa juu ya magoti.

"Chota! Unabembeleza maji? Chota kama mutu mwenye deni!"

"Nachota, Mama!"

"Ile kuchota ya milimani! Huku maji inarudi kama hauichukie!"

Mimi naichukia kweli, nilimwambia, na nikachota kwa chuki yote niliyokuwa nayo, chuki ya jiwe na kidole na plastiki na supu ya udongo, na mashua ikaanza kuinuka. Ikawa nyepesi chini ya miguu yetu. Ikatikisika. Mbao zilikuwa nyeusi tena, zimevimba, zimebanana mpaka kitambaa cha kitenge kilikuwa kimebaki mstari tu, mwembamba kama uzi. Mama wa samaki akatoka bila kusema kwaheri, akarudi kwa samaki wake.

Na hapo mvua ikaja. Ilikuja ya kweli, ya Walikale, ile ambayo unaisikia msituni kabla ya kuiona, na kabla hujasema inakuja imeshafika. Mwenye pikipiki alikuwa amefika na mama ameshapanda nyuma, blanketi mapajani, mfuko shingoni. Nilimsikia mwenye pikipiki akisema, "Mama, na hii njia tutaanguka. Tungojee ikatike." Yeye akaingia kwenye kibanda cha mama wa samaki. Mama alibaki mvuani, anaangalia bashi letu la pembeni, ambalo upepo ulikuwa umeshalibeba. Paa letu lililobaki lilikuwa moja, la mashua.

Aliingia ndani ya mashua bila kuniangalia. "Nangojea mvua tu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alisimama katikati, ameinama chini ya paa, fundo la blanketi mkononi. Mvua ilikuwa inapiga bashi mpaka tulikuwa tunasema kwa kupiga kelele. Aliangalia chini. Akavua viatu, akapapasa sakafu kwa unyayo, hapa, pale. Akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye mbao, taratibu, upande wa kushoto wote, halafu upande wa kulia. Sikuthubutu kumfuata. Nilimwona anasimamisha mkono karibu na pua ya mashua.

"Hapa iko inatoka."

Nilikwenda. Kweli, palikuwa na jasho kwenye ufa, na tone moja lilikuwa linajikusanya. Nilitaka kumwambia ni tone tu, nilitaka kumwambia mbao bado zinashiba, lakini alikuwa ameshasogea.

"Na hapa," alisema. "Na hapa, kidogo. Ulikuwa unaangalia wapi weye?"

Alichomoa kisu changu kwenye kiuno changu kama anavyochukua kijiko mezani. Akapasua pindo la kitenge chake mwenyewe, akalikunja, akaanza kulisukuma ndani ya ufa kwa ncha, polepole, bila kukaza.

Mvua ilipungua, ikawa ya kunong'ona. Kwa nje mwenye pikipiki aliita, "Mama! Imekatika! Tuende?"

"Tuende wapi?" mama alimjibu kwa sauti kubwa, bila kuinua kichwa. "Hauone niko na kazi?"

Pikipiki ilinguruma, ikakaa kidogo inangoja, halafu ikaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, ndoo mkononi.

"Leta kitambaa ingine," aliniambia. "Si ile, ile ni ngumu. Na toka hapo, unanikanyagia blanketi."

Nikatazama chini. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na blanketi ilikuwa imetandikwa.